Msiba wa Kuombea Gari

Ghada, mke wa Hashil muuza magodoro wa Mtaa wa Narung'ombe, si mtu wa kelele. Mwulizeni yeyote pale Kariakoo. Mchukuzi akimgonga kwa mkokoteni, yeye ndiye anayesema samahani. Kwa hiyo siku aliyopandisha sauti pale Feri, mbele ya wauza samaki ambao nao kwa kelele hawana mpinzani, watu waliacha kuparua magamba wakageuka kumtazama. Lakini hasira ile haikuzaliwa pale. Ilipanda ngazi moja moja, na ukitaka kuielewa lazima uanzie chini.

Chini kabisa kulikuwa na gari. Hashil alikuwa na kipanya kikuukuu cha kubebea magodoro, mpaka alipopata gari kubwa zaidi, na kile kikabaki kinakula vumbi nyuma ya duka. Ghada akakiomba. Akakisugua, akamwita seremala wa Gerezani akamtengenezea vitanda viwili vya mbao vya kukunja, kabati la vyombo na meza ndogo. Magodoro aliyakata mwenyewe kwa kisu pale pale sakafuni dukani. Mapazia aliyashona mwenyewe, ya maua madogo ya bluu. Juu akafungisha tangi la maji, nyuma akaweka jiko la gesi. Likawa gari la kulala: unaliegesha chini ya miti, unafungua mlango wa ubavuni, umeshafika kwako.

Kabla ya hapo walikuwa na hema. Mwaka juzi walilipeleka kupiga kambi msitu wa Pugu, Ghada akidhani wanaenda watatu, yeye na mumewe na binti yao Huda. Hawajamaliza kukaza kamba, nyuma yao ikaingia Kosta nzima ya ukoo: mashangazi, watoto wa mashangazi, na Samir, mdogo wake Hashil, na wanawe wote. Hashil aliwaalika. Yaani hakuwaalika, waliuliza kama waje naye akashindwa kusema wasije. Siku tatu zile Ghada alipika kama yuko kwenye shughuli, chapati asubuhi, pilau mchana, na uji wa watoto katikati. Miti ya Pugu anaikumbuka kwa sababu miwili aliifungia kamba ya kuanikia nguo.

Ndiyo maana alilitaka gari lenye vitanda viwili tu. Alidhani vitanda viwili vitajieleza vyenyewe.

Havikujieleza. Gari likaenda kubeba viti vya arusi Magomeni, likaenda kubeba mbuzi wa Idd, likarudi na kwato zimechora kabati. Shangazi Zamzam, dada yake Hashil, alihamia nalo nyumba mpya, na sofa likachana pazia moja. Ghada alishona pazia jingine, akanyamaza. Kila mara Hashil alisema neno lile lile, ni ndugu, mama Huda, utamwambiaje ndugu hapana. Na kila mara Ghada aliingia nyuma ya duka na ndoo ya maji na sabuni, akaanza upya.

Sasa sikilizeni alichokuwa anakitaka, maana hakikuwa kikubwa. Huda alikuwa ameposwa na kijana wa Maskati, mtu wa heshima, hana ubaya, ila ni mbali. Jumapili binti angewekwa ndani akae na somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, mpaka siku ya nikaha, na somo mwenyewe alikuwa ni yule yule Shangazi Zamzam. Mnajua mambo yalivyo kwetu pwani: mwari akishaingia chumbani ni wa somo na mashangazi, mama yake anabaki jikoni na masufuria. Na nyumba ile ya juu ya duka, tangu Huda azaliwe, haijawahi kukaa nusu saa bila mgeni. Ghada alikuwa na maneno ya kumwambia mwanawe, na hakuwa na mahali pa kuyasemea. Akatafuta mahali. Akapata kambi moja ng'ambo ya Kigamboni, ufukweni, ndani ya miti ya mivinje, wanapokea magari ya kulala. Ijumaa waende, Jumamosi jioni warudi, yeye na Huda peke yao. Hashil mwenyewe alikubali.

Alhamisi akaloweka nyama ya mishkaki kwa papai bichi na tangawizi. Akapakia kila kitu. Ijumaa asubuhi alikuwa anafunga mtungi wa gesi, Samir akaingia nyuma ya duka, uso umemshuka, kofia mkononi.

Samir ni mchuuzi wa samaki pale Feri. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Mzee Bushiri wa Ilala, mjomba wake Zamda, mkewe Samir, amefariki alfajiri. Mazishi ni Mkuranga baada ya swala ya Ijumaa, na waombolezaji hawana usafiri. Kirikuu chake kimekufa injini. Akaongeza kwamba Zamda yuko Tanga kwa dada yake aliyejifungua na bado hajaambiwa, kwa hiyo tafadhali mtu asimpigie simu. Atamweleza mwenyewe, taratibu, ana kwa ana.

Nani angebisha? Msiba hauhojiwi. Huwezi kumwuliza mtu aliyefiwa, una hakika? Na habari ya kifo haipasuliwi kwa simu, kila mtu analijua hilo. Ghada alisema innalillahi, akaanza kupakua. Alitoa magodoro yote akayapandisha juu ili watu wapate mbao za kukalia. Alitoa vikapu. Samir akamshukuru kwa kushika kifua, akawasha gari, akaondoka.

Huda alikuwa amesimama ngazini na mkoba wake begani. Ghada akampita, akaingia jikoni, akaitoa ile nyama ya mishkaki akaigeuza mchuzi, akapika wali wa nazi sufuria kubwa, maana wafiwa watakula nini? Alikuwa na hasira, lakini hasira isiyo na pa kwenda. Utamkasirikia marehemu?

Hashil alipanda juu mara moja, akasimama mlangoni mwa jikoni, akauliza kama ni lazima aende leo, si angengoja kesho. Ghada akamjibu kwamba shemeji wa mfiwa hangoji kesho. Hashil akakuna shingo. Kisha akabeba sufuria mwenyewe, akalishusha ngazi zote, akaliweka kwenye bajaji miguuni pa Huda, akawaambia waende salama.

Ilala walishukia mwanzo wa uchochoro. Ghada akajitanda kanga juu ya buibui, na kama ilivyo ada, kilio akakianzia pale pale njiani ili waliomo ndani wajue kuna mtu amekuja. Alilia vizuri. Alimlilia Mzee Bushiri, akaulilia na mvinje wa Kigamboni pia, yote yakaenda pamoja. Majirani wakatoka milangoni na vijiko mikononi. Hakukuwa na turubai. Hakukuwa na kiti hata kimoja nje. Kwenye kibaraza, amevaa singlendi na kikoi, mguu mmoja juu ya kigoda, Mzee Bushiri alikuwa anakata kucha zake za Ijumaa.

Kilio kikamkauka Ghada mdomoni.

"Karibu, mwanangu," Mzee Bushiri akasema, na wembe ukabaki hewani. "Nani katutoka?"

Ni Huda aliyejibu, sufuria kichwani, kwa adabu zote, "Shikamoo babu. Tumeambiwa ni wewe."

Mzee Bushiri aliitikia marahaba, kisha akaomba aelezwe tena. Akaelezwa. Aliposikia jina la Samir akatikisa kichwa taratibu, akafunua sufuria, akanusa, akaita aletewe sahani. Alikula matonge matatu ya wali pale pale kibarazani huku majirani wakimtazama, akasema katika umri wake wote hajasikia mtu aliyekula wali wa msiba wake, na nyama imelainika vizuri sana, Mungu amjalie aliyeipika. Majirani wakacheka mpaka wakashikana. Ghada hakucheka. Alijifunga kanga upya, akakaza fundo.

Kisha mzee akakumbuka jambo, na hilo ndilo lililomaliza kila kitu.

"Ndiyo maana Hashil kanipigia," akasema. "Asubuhi hii. Nikashangaa, maana mumeo hanipigiagi hata Idd. Kaniuliza, mzee hujambo? Nikamwambia mzima. Akasema alhamdulillahi, akakata."

Ghada alikuwa anaiona mikono ya Hashil kwenye masikio ya sufuria, inavyoshuka ngazi moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mchuzi usimwagike. Alijua. Alibeba wali wa msiba akijua hakuna msiba. Alimwacha mkewe apande bajaji akamlilie mtu mzima wa afya, barabarani, mbele ya Ilala nzima, kwa sababu kumwambia ukweli kungemlazimu ampigie mdogo wake simu na kusema, rudisha gari.

Akauliza Samir anapatikana wapi saa hizi. Mzee Bushiri akasema mchuuzi wa samaki akidanganya yuko kaburini, mtafute kwenye samaki. Akaingia ndani akatoka amevaa kanzu. Ghada akamwomba asijisumbue, mzee akamjibu kwamba msiba ni wake na atakwenda kuuhudhuria, na swala ya Ijumaa ataiswalia huko huko mjini.

Basi bajaji ikawabeba watatu, mama na binti na marehemu katikati.

Gari walilikuta ubavuni mwa soko, mapazia ya bluu yanapepea. Samir alikuwa ndani, peku, suruali imekunjwa hadi magotini, anapokea makreti kutoka kwa wapagazi. Kitanda cha Huda kilikuwa kimebeba vibua. Kitanda cha Ghada kilikuwa kimebeba changu na ndoo za pweza. Barafu iliyeyuka ikachuruzika kwenye kabati la vyombo, ikatoka mlangoni nyekundu nyekundu. Ilikuwa safari ya Morogoro, hoteli tatu zinangoja.

Wa kwanza kuongea alikuwa Mzee Bushiri. Alisogea mpaka mlangoni, akaegemea fimbo.

"Samir, nimekuja kuuliza. Kaburi langu umelichimba wapi?"

Kreti lilimponyoka Samir, vibua vikatapakaa saruji. Mama mmoja mkaanga samaki, Blandina, ambaye meza yake iko hatua chache tu na hapo na hapitwi na jambo, akauliza kuna nini. Alipopata jibu akawatangazia wenzake wote kwamba marehemu kafuata usafiri wake. Soko likaangua kicheko. Wapagazi wakamwambia Samir amshushie mzee changu mmoja wa rambirambi. Samir alijaribu kucheka nao, akaona shemeji yake hacheki, akateremka.

"Shem, usinielewe vibaya. Mzigo ungeoza. Kirikuu kimekufa kweli, hilo sikudanganya."

"Ungesema ni samaki."

"Ningesema samaki ungenikatalia."

"Ningekukatalia."

"Sasa si unaona? Ndiyo maana nikasema msiba." Alilisema hilo kama mtu anayemweleza mtoto hesabu. "Kaka mwenyewe aliponipigia alijua utakasirika, akasema nenda tu, jioni utalirudisha, atatulia. We huwa unatulia, shem."

Hapo ndipo sauti ya Ghada ilipopanda.

"Nimetulia na mbuzi!" akasema. "Nimetulia na sofa. Nimetulia Pugu, nimewakaangia chapati mpaka mkono ukavimba, na hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Mwanangu anaondoka, Samir. Umeniibia siku mbili za mwanangu ukazijaza pweza. Nimemlilia mtu mzima njiani kama mwehu! Shusha samaki wako."

"Shem, niwashushe wapi? Jua hili?"

"Chini."

Wauza samaki walikuwa wameacha kuparua magamba. Hata Blandina alikuwa ameacha kugeuza samaki mafutani. Samir alitazama huku na huku akitafuta mwanaume wa kumsemea, akakutana na macho ya Mzee Bushiri, ambaye alimwambia kwa upole kwamba kama atahitaji mtu wa kumsaidia kushusha, yeye leo ana nguvu za ajabu. Samir akaanza kushusha. Wapagazi wakamsaidia, na wakati wakishusha walimwuliza hitma ni lini.

Simu ya Ghada iliita. Ilikuwa ni Hashil, anauliza wamefikaje. Ghada aliiweka sikioni akamwuliza jambo moja tu, taratibu, sauti imesharudi chini.

"Baba Huda, wakati unashusha lile sufuria, ulikuwa unajua?"

Kwanza Ghada akasikia cherehani ya jirani kule Narung'ombe. Kisha Hashil akasema hakutaka ugomvi siku ya Ijumaa. Akasema Samir ni ndugu. Akasema rudini nyumbani, kuna wageni wa Shangazi Zamzam wamefika na hakuna kilichopikwa.

Ghada akakata simu. Akampa mkono Mzee Bushiri, akamwomba radhi kwa kumwua. Mzee akasema amemsamehe, na lile sufuria litabaki kwake kwa sasa. Ghada akachukua ufunguo kutoka kiganjani mwa Samir. Huda akapanda upande wa pili. Hawakuwa na magodoro, hawakuwa na vikapu, wala nyama. Kivuko kiko hapo hapo, foleni ya magari ilikuwa inaanza kusogea. Ghada akaingiza gari kwenye foleni, likapanda pantoni, maji ya barafu yakichuruzika nyuma yake mpaka kwenye bati.

Kambini mlinzi, Heriel, kijana wa Kilimanjaro mwenye adabu zake, alifungua mlango wa gari ili aone wako wangapi, akaufunga haraka, akawaomba waegeshe upande ule upepo unakoelekea. Waliegesha chini ya mivinje. Bahari ilikuwa pale pale, mbele, na hapakuwa na mtu mwingine yeyote. Ghada hakuitazama. Alifungua maji ya tangi, akapiga magoti kwenye mbao, akaanza kusugua. Huda akakunja mikono ya gauni akasugua naye. Walisugua kwa hasira mpaka Ghada akagundua kwamba na binti anasugua hivyo hivyo, meno yameumana.

Nyuma ya kabati wakakuta changu mmoja, mkubwa, bado ana barafu kwenye mashavu.

"Ba'mdogo atapiga simu kumwulizia," Huda akasema.

"Mwambie alfajiri amefariki," Ghada akasema. "Tumemzika."

Huda alicheka mpaka akakaa chini. Ghada alicheka pia, kidogo, halafu akaona kwamba hasira bado ipo, haikwenda popote na kicheko kile. Wakamchoma changu kwa chumvi tupu waliyoomba kwa Heriel, wakamla kwa mikono, miguu imening'inia nje ya mlango.

Baada ya kula, Ghada akasema alikuwa amepanga maneno. Mwezi mzima ameyapanga, ya kheri, ya mama kumuaga binti. Yote yamempotea kule Ilala, ameyatafuta njia nzima hayapati.

"Si yatarudi," Huda akasema.

"Sijui. Lililobaki ni moja tu, na si zuri." Ghada akajifuta mikono. "Wiki ya kwanza nilipoolewa, ndugu wa baba yako walikuja kuazima cherehani niliyopewa na mama yangu. Nilikuwa nashona. Uzi uko kwenye sindano. Nikaukata uzi, nikawapa. Haijarudi mpaka leo. Somo atakufundisha kuvumilia, na msikilize, anayajua mambo yake. Lakini nimekuwa nikifikiri, siku ile ningesema nini."

"Ungesema nini?"

"Ningesema, ninashona."

Huda alikuwa bado anamtazama, simu ikaita tena. Hashil. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezungukwa na watu. Akauliza kama wamefika salama. Akauliza kama wamekula. Kisha, kwa kuzunguka zunguka, akasema Shangazi Zamzam yupo hapa, anasema kesho asubuhi kuna masanduku yake ya kuhamishia chumba cha mwari, na Samir kasema gari liko huko, je, wangeweza kurudi usiku huu?

Ghada akaiweka simu sauti ya nje, akaishika kati yake na Huda.

"Baba Huda. Tutarudi kesho jioni kama tulivyokubaliana. Na gari haliazimwi."

"Sasa niwaambie nini, mama Huda? Wako hapa wote. Niwaambie limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Au niseme..."

"Usiseme kuna mgonjwa, usiseme kuna msiba. Waambie Ghada amekataa. Waambie sasa hivi, mimi nikisikia."

Upande wa pili kulikuwa na vikombe, na sauti ya Shangazi Zamzam inauliza anasemaje, anasemaje huyo. Ghada alingoja. Alikuwa tayari kungoja mpaka salio liishe. Huda alikuwa ameinamia simu, anasikiliza kwa mwili wote.

Wakamsikia Hashil akikohoa. Wakamsikia akimgeukia dada yake.

"Ghada amekataa," akasema.